Tarumbeta Wodini

Foleni ya dirisha la meno ilikuwa imeshapinda kona wakati Mzee Shaba alipofika mbele, tarumbeta lake amelikumbatia ndani ya mfuko wa kitambaa kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Alikuwa amelileta makusudi. Alitaka daktari aone mwenyewe linavyokaa mdomoni, ili meno ya bandia yapimwe kwa kazi hiyo, yasije yakatengenezwa ya kutafunia tu. Mpiga tarumbeta asiye na meno ya mbele midomo yake haina pa kuegemea. Pumzi inavuja pembeni, sauti inatoka imekatika kama kikohozi.

Karani wa dirishani, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Meno ya bandia yametolewa kwenye huduma, mzee. Tangu mwezi huu yanahesabika kuwa urembo."

"Urembo?"

"Ndivyo waraka unavyosema. Yamewekwa pamoja na mambo ya kung'arisha ngozi."

"Mwanangu, mimi hapa sitafuti mchumba. Hili ndilo jembe langu." Akaufungua mfuko kidogo.

Karani alilitazama tarumbeta, akamtazama na mwenyewe, uso ukakunjuka. "Kumbe ndiwe! Mama yangu ana kitabu chako. Na ule wimbo wa kamba ya kisima, ndio aliotubembelezea sote."

Mzee Shaba alijiona amerefuka. Akangoja. Zamani jina lake lilikuwa likitajwa tu, kiti kinaletwa.

"Nitamwambia nimekuona," karani akasema, kisha akashusha sauti. "Daktari mwenyewe jioni yuko kliniki yake, ng'ambo ya barabara. Kule yanatengenezwa, lakini ni kwa mfuko wako." Akainua macho. "Anayefuata."

Bei ya kule alikuwa akiijua. Ilikuwa bei ya watu wasiouliza bei.

Badala ya kwenda nyumbani, alipanda ngazi kwenda wodi ya wanaume, alikolazwa mpiga ngoma wake wa tangu ujana, ambaye dunia nzima ilimwita Mchi kwa jinsi alivyokuwa akitwanga. Sukari ilikuwa imemla mguu wa kulia mpaka ukakatwa chini ya goti. Mzee Shaba alipanda polepole, akijifikiria. Katika kitabu hicho cha maisha yake mlikuwa na sura nzima juu ya unyenyekevu. Watu waliisifu sana. Sasa, mkono kwenye reli ya ngazi, aliona kwamba aliiandika kama mtu anayesimulia njaa huku anachokonoa meno.

Mchi alikuwa ameegemezwa mto, mkewe akimnywesha uji. Chini ya dirisha lao jenereta ya hospitali ilikuwa inanguruma, kwa kuwa umeme ulikatika tangu asubuhi, na ilibidi watu wazungumze kwa kupaza sauti.

"Karibu, shemeji," mke wa Mchi akasema. "Wamekupa meno?"

"Wamenipa salamu za mama wa karani."

Mchi akacheka mpaka uji ukampalia. "Mmoja hana mguu, mwingine hana meno. Bendi imetimia."

"Tunakisoma kitabu chako," mkewe akasema akimfuta kidevu mumewe. "Namsomea kila nikija. Kitamu, shemeji, sikufichi. Ila humo ndani 'mimi' ni wengi kuliko watu."

Lilimwingia kama mwiba wa samaki. Alitaka kujibu, akaona jibu lenyewe linaanza na mimi.

"Mwache," Mchi akasema. "Yeye angalau ana kitu cha kuacha. Ngoma nikiinua mikono tu imekwisha. Nimelala hapa najiuliza, ukiondoka Mchi, kinabaki nini?"

"Nakala za hicho kitabu zimejaa chini ya kitanda changu," Mzee Shaba akasema. "Zimekiinua hasa. Mvua ikiingia, silowi."

Mwenye kitanda cha jirani, mpakiaji wa malori aliyevunjika mkono, akachekea puani. Halafu, bila kuombwa, akachukua kijiko kwa mkono wake mzima akaanza kugonga chuma cha kitanda. Mzee Shaba aliutambua mdundo huo wa ngoma kabla haujazunguka mara moja. Ni ule wa Mchi, wenye pigo moja linalochelewa kidogo kama mtu anayeruka dimbwi.

"Kakufundisha nani?"

"Huyu baba. Usiku hatupati usingizi kwa maumivu, basi tunagonga. Na yule wa mwisho kule, asiyeinua hata kichwa, anaugonga kwa kidole. Hata waliotoka wameondoka nao."

Mchi aliangalia pembeni, kama mtu aliyekutwa akifanya jambo jema. Mzee Shaba akalitoa tarumbeta.

Noti ya kwanza ilikuwa upepo mtupu. Ya pili ikapasuka. Ya tatu ikasimama, nyembamba, inatetemeka, lakini ni noti. Aliona haya kuliko siku yoyote jukwaani, na akaendelea. Mchi akashika vijiko viwili. Mpakiaji akadakia.

Mlango ukafunguliwa. Sista wa zamu alisimama kizingitini. "Kelele za nini hizi? Hapa ni wodi."

"Sista," mpakiaji akasema, "hiyo jenereta inatupigia kelele tangu asubuhi, hatujasikia ikikatazwa."

"Jenereta ina kibali," sista akajibu, na baada ya kulisema akabaki akilitafakari neno lake mwenyewe. Alitazama vitanda, kimoja kimoja. Kule mwisho mzee aliyekuwa hajainua kichwa tangu alazwe alikuwa ameketi, anagonga bakuli.

Sista akauvuta mlango ukafungika, mwenyewe akiwa ndani.

"Daktari mkuu akiuliza," akasema, "haya ni mazoezi ya mapafu. Hayo bado yako kwenye huduma."

"Tuanze upya," Mchi akasema. "Na pale panapokupasukia, Shaba, usipakimbie. Pitia hapohapo."

Mzee Shaba akalamba midomo, akavuta pumzi. Pakapasuka palepale. Akapitia.