Sura ya Tatu ya Ruthu

Kila asubuhi, kabla Pasta Égide hajafungua mlango wa chini, Diane alikunja blanketi na kuzisukumia ndani ya spika. Spika yenyewe ilikufa zamani. Lilibaki boksi kubwa tupu lenye kitambaa cheusi mbele, na kwaya ililiacha pale kando ya mimbari ili kanisa lionekane lina vyombo. Blanketi, sufuria, begi la nguo za mtoto, vyote viliingia. Mtu akipanda ngazi saa hiyo angekuta viti vya plastiki vimepangwa, na mstari wa nyuma wamekaa wanawake wawili na mtoto kana kwamba wamewahi maombi.

Pasta alijua wanalala pale. Kanisa zima lilijua. Lakini mwenye jengo alikuwa amepangisha ukumbi wa kuombea, si wa kukoroma, kwa hiyo kila siku walihama bila kwenda popote.

“Mama, ngiyagodola,” alisema Annick, bintiye Diane, kwa Kizulu alichookota kwa watoto wa jengo walikotoka. Baridi ya Julai hapa Johannesburg haina haya, inakufuata mpaka ndani ya soksi. Diane alimwambia jua litatoka. Mtoto akakohoa, akajifunika kichwa na kitenge cha bibi yake.

Jengo lile la zamani lilifungwa na watu wa jiji, waliosema nyaya zake zitaua watu. Labda ni kweli. Walikuja na walinzi wa kukodi, wakawatoa watu ili wasife kwa moto, wakawaacha barabarani wafe kwa baridi. Jiko la gesi ambalo Diane alikuwa akikaangia maandazi ya wanafunzi langoni mwa chuo lilipanda lori na halikurudi. Hakulia. Alikuwa ameyamaliza machozi mwaka uliopita, Juvénal mumewe alipouawa ndani ya spaza, kiduka chake huko mtaa wa lokesheni, na waliomuua ni watu waliokuwa wakinunua mkate kwake kila asubuhi. Tangu siku ile alikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: upo, unauona ni wako, lakini ukiufinya hausemi kitu.

Médiatrice, mama yake Juvénal, ndiye aliyebaki na nguvu za kuhangaika. Jumatano jioni alirudi kutoka chini, akakaa karibu na Diane, akazungumza kwa sauti ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto, ingawa mtoto alikuwa macho.

“Mukazana wanje, mkwe wangu, Didier ana chumba nyuma ya karakana. Kina dirisha. Kina na bomba lake.”

Didier alikuwa mtoto wa baba mdogo wa Juvénal. Karakana ya kutengeneza sofa, chini ya ukumbi, ilikuwa yake. Alikuwa pia mzee wa kanisa, na umeme wa kanisa ulitoka kwenye mita yake. Mke na watoto wake walikuwa Bujumbura.

“Amesema tukae humo?” aliuliza Diane.

“Amesema ushuke muongee.”

“Ongea naye wewe, Mabukwe. Wewe ndiye mkubwa.”

“Nimeongea. Amesema wewe.” Médiatrice alikuwa akivuta uzi kwenye kitenge chake. “Ushuke jioni, mafundi wakishatoka.”

Diane alimvuta Annick karibu, akamfunika vizuri. Mama mkwe hakurudia, kwa maana wote wawili ni watu wazima.

Alhamisi alikuja Sista Arlène, Mkongomani wa Bukavu aliyekuwa akisomea theolojia. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba Biblia husomwa vizuri zaidi na watu waliolala njaa. Yeye mwenyewe hakuwa amelala njaa, lakini hilo si kosa la mtu. Alikuja kila wiki na makaratasi makubwa ya kubandika ukutani, kalamu nene, na maboksi ya juisi. Wanawake walimpenda kwa juisi, na kwa kuwa ndiye mtu pekee Johannesburg nzima aliyewauliza wanafikiri nini.

“Leo tunasoma kwa macho yetu, si kwa macho ya wakubwa,” alisema. “Hakuna jibu baya.”

Walisoma Ruthu, sura ya tatu. Naomi, mjane asiye na kitu, anamwambia mkwewe, mjane mgeni asiye na kitu, aoge, ajipake mafuta, avae vizuri, ashuke mpaka uwanja wa kupuria nafaka. Amngoje Boazi ale, anywe, moyo wake uchangamke. Akishalala, amfunue miguu, alale hapo. Atakachoambiwa akifanye.

“Naomi ni mama wa namna gani?” aliuliza Arlène.

“Mwenye hekima,” alisema mmoja.

“Anamtafutia mkwewe makao,” alisema Médiatrice haraka, na sauti yake ikapanda kuliko ilivyohitajika.

Arlène aliandika. HEKIMA. MAKAO. Kisha akageuka. “Dada Diane, wewe huwa husemi. Unaona nini?”

Diane alikuwa haoni kitu. Alikuwa akisikia bunduki ya pini huko chini ikigongelea kitambaa kwenye mbao. Alifungua kinywa ili aseme hana la kusema, yakatoka mengine.

“Naomi alijua.”

“Alijua nini?”

“Mwanamume ameshiba, amekunywa, anaamka anakuta mwanamke miguuni. Mtu haogeshwi hivyo ili akaongee.”

Wanawake walicheka. Jocelyne, msusi wa mtaa wa pili, alipiga goti lake. “Eish! Dada kasema!”

“Endelea,” alisema Arlène, na kalamu yake ikaanza kukimbia.

“Huyu Boazi wanasema ni mwema. Sawa. Alimwona Ruthu mchana shambani akiokota mabaki. Alijua ni mjane wa ndugu yake. Alijua anachotaka kumpa.” Diane alizungumza bila kupandisha sauti, kama anayesoma bei. “Kwa nini hakumpa mchana? Kwa nini alikaa akangoja mpaka mwenye njaa aoge, aende mwenyewe?”

Hapo hawakucheka. Mwanamke mmoja akasema Boazi wake alikuwa na stoo ya viazi. Mwingine akasema wake alikuwa mlinzi wa geti, hata stoo hakuwa nayo, alikuwa na ufunguo tu. Yalikuwa mambo ambayo hawajawahi kuambiana, na sasa waliyatoa kama watu wanaotua mizigo. Pasta Égide alikuwa amesimama mlangoni na fimbo ya kufungulia dirisha. Hakuna aliyemwona alivyoingia.

“Swali la mwisho,” alisema Arlène, mashavu yamemwiva kwa furaha. “Hapa kwetu, Doornfontein, uwanja wa kupuria uko wapi?”

“Upo,” alisema Diane. “Hapa chini.”

Ilikuwa hivyo tu. Bunduki ya pini iliendelea kugonga. Kila mtu alitazama sakafu, kisha kila mtu akajuta kuwa ametazama. Médiatrice alishika kichwa.

Pasta alisogea mbele, akasema wafunge kwa sala. Aliomba kirefu juu ya ulimi, kiungo kidogo kinachochoma msitu. Baadaye Arlène alipiga picha karatasi zake, akamkumbatia Diane, akamwambia, “Umetufundisha sana, dada. Hii ndiyo sauti tuliyokuwa tunaitafuta.” Simu yake ikalia, gari lilikuwa limefika. Akashuka ngazi na karatasi zake kwapani, naye alikuwa na haki ya kufurahi, kwani kazi yake ilikuwa imekwenda vizuri.

Pasta Égide aliwaita mama na mkwewe nyuma ya mimbari. Hakuwa mkali. Wenye uwezo wa kukutoa hawana haja ya ukali.

“Mimi nawapenda, na Mungu anajua. Lakini kanisa si lodge. Jumamosi kwaya wanahitaji ukumbi tangu mapema. Muwe mmepata pa kwenda.”

“Pasta, mtoto anakohoa,” alisema Médiatrice.

“Naona. Ndiyo maana nilinyamaza muda wote huu.” Alimgeukia Diane. “Mtu anatupa taa. Anatupa plagi ya keyboard. Wewe unasimama mbele ya mgeni unamfananisha na nini?”

“Sikutaja jina lake.”

“Ungelitaja ningekuombea msamaha kwake. Sasa nitaanzia wapi?”

“Sista alisema hakuna jibu baya.”

“Sista halipi umeme,” alisema Pasta.

Ijumaa Diane alizunguka. Kwenye nyumba ya kuhifadhi wanawake waliomba kibali, na kibali cha ukimbizi kilikuwa kimeisha muda, na kukihuisha kulikuwa kwenye mtandao, na mtandao ulisema jaribu tena. Jocelyne alimwonyesha chumba chake: mapazia manne, familia kila pazia, na mwenye nyumba aliyeapa kwamba akiona kichwa kingine atawatoa wote. “Ningekuwa na nafasi hata jikoni,” alisema Jocelyne, akashindwa kumaliza. Diane alimwambia asijali. Hakuwa na hasira naye, wala na mtu yeyote. Alikuwa akitafuta hasira humo ndani kama mtu anayepapasa swichi gizani, na mkono haukugusa kitu.

Jumamosi mchana kwaya walikuwa wameshafika na ngoma zao. Médiatrice aliomba maji ya moto kwa mafundi wa karakana, akayabeba kwenye beseni mpaka choo cha ngazini. Alimwita mkwewe. Akamsugua mgongo kwa kitambaa, polepole, kama alivyokuwa akimsugua alipojifungua Annick. Akampaka vaselini mabegani.

“Mtaka cha mvunguni sharti ainame,” alisema.

“Mabukwe, angekuwa Annick?”

Médiatrice alikamua kitambaa. Alikikamua mpaka hakikutoa tone, na bado akaendelea kukamua. Alikuwa analia, na hilo Diane aliliona, akatamani apate hata chozi moja la kumsaidia kulia.

“Vaa ile blauzi ya kijani,” alisema mama mkwe hatimaye.

Karakana ilikuwa na harufu ya gundi na sponji. Didier aliwaambia mafundi wake, “Sharp, vijana, leo mapema,” nao wakatoka bila kumtazama Diane. Alikuwa mtu mpole, shati safi, na sauti ya kuongoza maombi. Alimpangusia vumbi sofa isiyo na kitambaa akamwambia aketi.

“Karibu, shemeji. Nilisikia ya Alhamisi.”

Diane aliketi ukingoni.

“Yameniuma, lakini nimesamehe. Juvénal alikuwa damu yangu. Unafikiri mimi ni mtu wa kumlazimisha mjane?” Alingoja. Ufunguo wa chumba ulikuwa mezani, kati ya mkasi na chaki. “Nilikutuma mtu akuburute?”

“Hapana.”

“Basi sema mwenyewe, ili kesho yasije maneno. Umekuja vipi?”

“Nimekuja mwenyewe.”

“Na mama?”

“Mama anajua.”

“Vizuri,” alisema Didier, akaenda kufunga mlango.

Jumapili ukumbi ulijaa. Kwaya waliimba mpaka vioo vikatetemeka. Wakati wa shuhuda Pasta Égide alimwita Maman Médiatrice mbele, naye alikwenda, akashika maiki kwa mikono miwili. Alisema Mungu amewapa chumba. Kina dirisha, alisema. Kina bomba. Mtoto jana alilala bila kukohoa. Akashindwa kuendelea, na watu wakaona ni furaha.

“Nani kasema Mungu anamsahau mjane?” alipaza Pasta. “Hakukuacha bila ndugu, Mama! Amekurudishia nyumba uzeeni!”

Vigelegele vilipasuka. Didier, mstari wa mbele, aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Wanawake walitoka vitini wakamzunguka Médiatrice, wakamfuta uso, wakamwimbia. Wale wa Alhamisi walikuwemo, hata yule wa stoo ya viazi.

“Na mkwe asimame tumwone,” alisema Pasta.

Diane alisimama, Annick mgongoni. Jocelyne, aliyekuwa karibu naye, alisimama pia ili Diane asisimame peke yake. Alimsogelea sikioni.

“Sista Arlène anauliza kama Alhamisi utakuja. Anasema wewe ndiye unayesoma vizuri.” Akamtazama, kisha akatazama pembeni. “Ni sura ya nne. Pasta amemwambia ya tatu imeshatosha.”

Diane aliitikia kwa kichwa. Watu walikuwa bado wanapiga makofi, naye akapiga pamoja nao.