Alama ya Njano ya Chevelle

Mashavu hakuwahi kuona doa akaliacha. Kazi yake hospitalini, pale mjini Irving, ilikuwa kuosha vyombo vya upasuaji, na kwa miaka kumi na moja hakuna daktari aliyemrudishia hata mkasi. Nyumbani ilikuwa vivyo hivyo. Kwa hiyo Idi ilipokaribia, na wanaume wangekula biriani kwenye gereji kama kila mwaka, mlango wazi na mikeka imetandikwa, aliingia humo na ndoo, matambara na chupa ya spiriti.

Ndani mlikuwa na gari moja, Chevelle nyekundu ya mwaka 1970. Mumewe Shamte, mtu wa Mombasa aliyekuwa dereva wa basi la uwanja wa ndege, alikuwa mwaka wa nne akilirudisha lilivyokuwa siku lilipotoka kiwandani Arlington, mwendo wa dakika ishirini kutoka kwao. Si kulipamba, kulirudisha. Hata boliti alizitafuta zenye herufi zile zile kichwani. Baada ya wiki tatu kulikuwa na maonyesho Houston, na majaji wakiridhika wangempa cheti kwamba gari ni la asili, kama lilivyotoka kiwandani. Cheti hicho ndicho alichokitaka duniani. Alishachagua mahali pa kukitundika, juu ya picha ya harusi, na Mashavu alishakataa.

Boneti ilikuwa wazi. Kwenye bati linalotenga injini na viti, Mashavu aliona mchirizi wa njano, kama mtoto amechezea kreyoni. Akalowesha tambara kwa spiriti, akapitisha mara moja, ukatoka. Akahamia sakafuni.

Idi ilikwenda vizuri. Kesho yake Shamte akaenda gereji na kamera ya kuazima, akainama chini ya boneti. Aliporudi jikoni aliuliza, kwa upole uliomtia mkewe wasiwasi, kama kuna mtu aliyefuta kitu cha njano.

“Mimi,” alisema Mashavu. “Ulikuwa uchafu.”

Haukuwa uchafu. Shamte alimweleza kwamba kiwandani mkaguzi akishapitia gari aliliandika kwa kreyoni, na maandishi ya gari hili yalikuwa yamefunikwa na grisi tangu zamani. Yeye aliiondoa grisi hiyo kwa pamba, kidogo kidogo, wiki mbili nzima. Picha za simu zilitoka ukungu mtupu, ndiyo maana akaazima kamera. Sasa bila picha hawezi kuichora alama hiyo upya, maana majaji hawakubali alama ya kutungwa kichwani. Na yeye mwenyewe hakukumbuka vizuri kama ilikuwa herufi au nambari.

“Miaka yote hiyo imekaa pale,” alisema. “Nikaichimbua mimi, ukaifuta wewe. Sasa jaji nimpelekee nini, tambara lako?”

“Tambara nimelifua,” alisema Mashavu, kwa sababu ndiyo ilikuwa kweli.

Hawakugombana. Ingekuwa afadhali wangegombana. Shamte aliacha kabisa kwenda gereji. Alitoka kazini, akala, akatazama mechi aliyokwisha kuiona. Binti yao Jannat alipomwambia kwa Kiingereza kwamba ni kreyoni tu, baba aliongeza sauti ya televisheni. Mashavu alikuwa ameomba radhi mara moja, mbele ya sinki, na hakuona mara ya pili ingeongeza nini. Lakini jambo lilimkera.

Siku ya tatu, kazini, alikuwa akipitisha vyombo chini ya ile taa ya zambarau inayoonyesha uchafu usioonekana kwa macho. Koleo moja, lililofutwa na mwanafunzi, likang'aa kwenye bawaba. Mashavu akamkemea: kitu hakitakati kwa kufutwa mara moja. Alipojisikia anasema hivyo, akaitazama ile taa upya.

Jioni alirudi na taa ndogo ya namna ile aliyoinunua njiani, akamwambia Shamte atundike mablanketi kwenye mlango wa gereji. Shamte akauliza ya nini.

“Uone nilivyosafisha vibaya.”

Wakabanana chini ya boneti. Mwanzo ilikuwa bati tu na vumbi. Mashavu akailaza taa ubavuni, ndipo ukajitokeza mstari hafifu, kisha mkia wake, kisha duara lisilofunga.

“Saba,” alinong'ona Shamte. “Saba ndani ya duara.”

Alipiga picha thelathini na kupima kwa rula. Mashavu alishika taa mpaka mkono ukafa ganzi. Akamwambia mumewe kwamba siku nyingine yeye akifuta kitu “vizuri” namna hiyo, amshtaki kwa bosi wake wa hospitalini, na Shamte akacheka, mara ya kwanza tangu Idi.

Kuichora ikawa shida nyingine. Shamte alijizoeza juu ya kipande cha bati, na kila saba ilitoka imenyooka, ya mwalimu wa madrasa. Alifuta, akarudia, siku nne.

“Unaandika kama mtu anayelipenda gari,” Mashavu alimwambia. “Yule mkaguzi alitaka kwenda kula.”

Akamnyang'anya kreyoni, akatazama picha mara moja, akainama chini ya boneti, akaandika: mstari, mkia, duara likaachwa wazi. Shamte alifumba macho. Alipoyafumbua aliisogeza picha karibu na bati, akalinganisha.

“Usiguse tena,” alisema taratibu.

Houston walilipeleka gari juu ya trela, wakaondoka baada ya sala ya alfajiri. Jaji alikuwa mzee aitwaye Humphrey, mwenye tochi na uso usiosema kitu. Alilala chini ya gari, akatoka, akaandika. Alipofika kwenye alama alisimama. Akasema ana miaka mingi hajaona iliyobaki hivi bila kuguswa.

Shamte alifungua kinywa, akatazama viatu vyake.

“Si ya zamani,” alisema Mashavu. “Ya zamani niliifuta mimi. Hii nimeichora mimi.” Akazipanga zile picha juu ya kiti chao cha kukunja.

Shamte alikuwa kama mtu aliyemwagiwa maji baridi. Humphrey alivaa miwani, akazitazama picha moja moja, akauliza habari za taa na za kazi yake. Mwishowe akasema kanuni zinaruhusu alama iliyorudishwa kwa ushahidi, na ushahidi ndio huu. Akawapa maksi zote za sehemu hiyo. Alizokata, alizikata chini ya gari, kwa sababu rangi ilipakwa vizuri mno, na kiwandani hakuna aliyepaka hivyo. Shamte alitaka kubisha, mkewe akamfinya.

Alasiri walipewa cheti. Zilihitajika maksi mia tisa na hamsini, walipata mia tisa sitini na mbili.

Njiani kurudi, walipopita mji wa Huntsville, Shamte alilitoa la moyoni.

“Ungenyamaza tu,” alisema, “tungepita vilevile.”

“Ningekuwa nimepita na nini, na uongo?” aliuliza Mashavu.

Shamte akaanza kuimba chini kwa chini. Baadaye akamwambia kuna watu watatu pale kwenye maonyesho waliochukua nambari yake ya simu. Hawakumtaka yeye. Walimtaka mama mwenye taa, akayaangalie magari yao.

“Jumamosi niko kazini,” alisema Mashavu. “Waambie Jumapili, na wasifute kitu kabla sijafika.”