Chupa Niliyoificha Sandukuni

Mama mdogo Matilda hapigi simu ovyo. Akipiga, ujue kuna msiba, kuna harusi, au nyanya zimepanda bei. Ndiyo maana Jumamosi ile, saa nne asubuhi, niliacha nguo kwenye beseni nyuma ya nyumba yangu hapa Kihesa, Iringa, nikafuta povu kwenye gauni na kupokea simu.

"Kamwene, mwanangu Yusta."

"Kamwene, mama mdogo. Kwema huko Ilula?"

"Kwema. Nakushukuru tu. Jana ndiyo nimefungua lile sanduku la dada, nikakuta dawa ya kikohozi humo kwenye vitenge. Si unajua Happy anakohoa wiki nzima, hatulali? Basi saa tatu hii Sekela kampa vijiko viwili. Weee! Kikohozi kimekata hapo hapo. Kalala, hata umtikise hashtuki."

"Mama mdogo, subiri. Chupa gani hiyo?"

Nikasikia honi ya basi, kisha sauti yake ikaenda mbali: "Nyanya! Nyanya hizi, mama, chukua ndoo!" Simu ikakatika. Nikapiga. Ikaita mpaka ikachoka. Nikapiga tena na tena. Namfahamu, basi likisimama pale barabarani simu huitumbukiza mfukoni mwa aproni na kuisahau mpaka jioni.

Happy ni mjukuu wake, binti wa Sekela, mke wa mwanawe, na hajatimiza miaka miwili. Na ile chupa haikuwa na dawa ya kikohozi. Ilikuwa na mofini.

Najua ilikuwa mofini kwa sababu niliimimina mwenyewe.

Mama yangu alikufa kwa saratani ya kizazi. Miezi miwili ya mwanzo alikaa bila dawa ya maana. Alikuwa akiuma pindo la shuka ili wajukuu wasisikie, na mimi nikitoka uani kutukana mawe. Kisha nesi Gloria, wa wale wanaotembelea wagonjwa majumbani, akaanza kuja na ile dawa ya maji. Siku ya kwanza mama alikunywa, baada ya saa moja akaniomba ugali. Nililia kwa furaha, na mimi si mtu wa kulia.

Gloria alikuwa na masharti yake. Sindano za mama, maana alikuwa na kisukari pia, ziingie kwenye dumu gumu la mafuta ya kula, lenye mfuniko, na yeye mwenyewe angelichukua likijaa. Dawa yoyote ikibaki irudi mkononi mwake, isipewe mtu, isimwagwe, isiwekwe akiba. Sindano nilizirudisha zote bila kubakiza hata moja. Lakini alipokuja wiki moja baada ya mazishi akauliza mofini, nilimkabidhi chupa tupu nikamwambia, "Imeisha, dada. Siku za mwisho alikunywa sana." Akanipa pole, akaandika kwenye daftari lake, akasaini.

Ilikuwa imebaki zaidi ya nusu. Niliihamishia kwenye chupa ya kahawia ya dawa ya kikohozi, lebo yake ikiwa bado inang'aa. Sikutaka kuiuza wala kuinywa. Niliogopa tu. Nilijiambia: mtu mwingine wa ukoo huu akianza kuuma shuka, sitasubiri miezi miwili. Nikaisikia akili yangu ikinisifu, kumbe ilikuwa inanichimbia shimo.

Nikaizungushia kitenge, nikaiweka chini kabisa kwenye sanduku la mama. Kwetu hakuna mtu anayefungua sanduku la marehemu kabla ya siku ya kumaliza matanga, hata mwizi wa hapa anaogopa. Nilipanga siku hiyo niamke mapema niitoe. Lakini akina mama wa ukoo walifika alfajiri, na binti aliyemuuguza mama yake haruhusiwi kuingia chumbani vitu vikigawiwa, wasije wakasema alichagua kabla ya wenzake. Nikakaa jikoni nikipika ugali wa watu sitini. Nilipomaliza, sanduku zima, na kufuli lake, lilikuwa juu ya gari la kwenda Ilula. Lilikuwa fungu la mdogo wa marehemu.

Ningeweza kumpigia jioni ile ile. Ningemwambia, mama mdogo, kuna chupa humo, usiiguse. Angeuliza kuna nini ndani yake, nami ningesema nini? Kwamba nimemdanganya nesi na kuficha dawa ya serikali kwenye nguo za mama? Siku ya kwanza nikasema kesho. Ya pili nikasema kesho. Hii ilikuwa ya tatu.

Nikamwita Zabron wa bodaboda, kijana wa mtaa wa pili. "Ilula," nikasema. "Sasa hivi. Usiniulize."

"Dada Yusta, hata kofia ngumu hujavaa."

"Zabron, nitakuchapa."

Akanipa ya kwake. Tukashuka Ipogolo, tukaingia barabara kuu. Malori yaliyopanda mlima wa Kitonga yalikuja mbele yetu moja baada ya jingine, na kila lilipotupita upepo wake ulitusukuma pembeni. Nikampigia mama mdogo kwa mkono mmoja. Iliita tu. Namba ya Sekela sikuwa nayo. Ndiyo faida ya kumpuuza mke wa mtu kwa sababu eti Mnyakyusa anajidai.

Namba ya Gloria nilikuwa nayo. Nitasema hili bila kulipaka sukari: karibu saa nzima nilikaa mgongoni kwa Zabron na namba ile mkononi, wala sikuipiga. Gloria angejua la kufanya. Angepiga simu hospitali ya Ilula, na mtu angekwenda kubisha mlango wa mama mdogo kabla sijavuka daraja la kwanza. Nililijua hilo. Nikaogopa aibu kuliko nilivyomwogopea mtoto, na nikawa namwomba Mungu afanye kazi ambayo simu yangu ingeifanya.

Mama mdogo nilimwona kwa mbali, amesimama kati ya matenga ya nyanya, anacheka na wateja. Sikumwambia Zabron asimame. Tulipita mpaka nyumbani, hatua mia mbili kutoka barabarani.

Sekela alikuwa mlangoni anachambua mboga. Aliponiona akapiga goti kidogo, kama walivyolelewa kwao Tukuyu.

"Karibu, dada. Ndaga fijo, asante sana kwa ile dawa. Ilikuwa chungu, nikachanganya na asali. Mwenyewe yuko ndani, leo kalala vizuri."

"Mwamshe."

"Dada, hajalala siku—"

"Nimesema mwamshe!"

Sikungoja. Niliingia, nikafunua blanketi. Happy alikuwa amelala chali, mdomo wazi, midomo imeanza kuwa ya kijivujivu. Nikaweka sikio langu kwenye pua yake. Hakuna kitu. Nikahesabu: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Ndipo akavuta pumzi moja ndogo, kama mtu aliyekumbushwa. Nikamfinya paja kwa nguvu. Hakushtuka.

Sekela alikuwa nyuma yangu. Sijui aliona nini usoni mwangu, lakini alimnyakua mtoto akatoka mbio bila viatu. Tukapanda pikipiki wote, Zabron mbele, Sekela katikati na mtoto kifuani, mimi nyuma nimening'inia. Nilikuwa nampiga Happy nyayoni kwa kiganja na kumwita jina lake njia nzima.

Hospitali walitupokea mlangoni. Nesi mmoja alimlaza kitandani, akamfunika pua na mdomo kwa kile kifaa cha mpira chenye mfuko, akaanza kumpulizia hewa kwa kuuminya. Daktari kijana, Obeid, alimfunua kope akamulika tochi.

"Mboni zimebana sana," alisema. "Amekunywa nini huyu?"

"Dawa ya kikohozi tu, daktari," Sekela akasema. "Vijiko viwili."

Mama mdogo naye akawa amefika, anahema, vumbi la barabarani mpaka kwenye nyusi. Jirani alimwona Sekela akipita peku na mtoto, akamkimbilia yeye barabarani kumwambia. Naye alipitia nyumbani kwanza akabeba chupa. Akaitoa kwenye aproni, akamkabidhi daktari. Daktari akasoma lebo, akaigeuza, akasoma tena.

"Hii haiwezi kufanya hivi," alisema. "Fikirini vizuri. Hakuna kitu kingine? Dawa ya kunyunyizia nyanya? Vidonge vya mtu?"

Mama mdogo akamgeukia Sekela. Sekela akaanza kujitafutia kosa ambalo hakulifanya. "Labda ile asali," alisema. "Labda asali ilikuwa mbaya."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema kwamba wakati mwingine kifo chenyewe ni cha mtoto wa mwenzako. Uongo mwingine ulikuwa tayari mdomoni mwangu, umeiva kabisa: hata mimi sijui, labda mama alichanganya. Marehemu habishi. Nesi akauminya ule mfuko, kifua cha Happy kikapanda, kikashuka, kikatulia pale chini kikingoja kuminywa tena.

"Ni mofini," nikasema. "Ilikuwa ya mama. Niliimimina humo mimi, nikaificha."

Daktari Obeid alishaondoka kwenda kwenye kabati la dawa, anaongea huku anatafuta. "Ya nguvu gani? Miligramu ngapi kwa kijiko?"

"Sijui."

"Nani anajua?"

Nikapiga. Gloria alipokea mara ya kwanza tu ilipoita, sauti yake nzuri ile ile ya kila siku. "Yusta! Mnaendeleaje na majonzi?"

"Dada Gloria, mtoto amekunywa mofini ya mama. Daktari anataka kujua nguvu yake."

"Mofini gani? Uliniambia imeisha."

"Nilikudanganya."

Nilisikia kuku wakilia kwao. Kisha akasema, "Mpe daktari simu."

Waliongea kwa haraka, namba tupu. Daktari aliitikia kwa kichwa mara mbili, akavuta dawa kwenye bomba la sindano, akanirudishia simu huku anamtafuta mtoto mshipa. Gloria alikuwa bado hewani.

"Nilisaini, Yusta," alisema. "Nilisaini kwamba imeisha, kwa sababu ni wewe uliyeniambia. Nina wagonjwa kumi na wanne wanaoitegemea dawa hiyo majumbani kwao. Wakubwa wakijua haya, wataamini nyumba gani tena?"

Akakata simu.

"Hii inapambana na mofini," daktari alisema, macho yake kwenye sindano. "Ikikubali, tutajua sasa hivi. Na hata akiamka halali nyumbani leo. Mofini inakaa mwilini kuliko hii, inaweza kumrudisha usingizini."

Alisukuma dawa polepole. Sekela alikuwa ameshika mguu wa mwanawe kwa mikono yote miwili. Mama mdogo alinigeukia, na hakuwa na hasira. Afadhali angenipiga.

"Ilikuwa imezungushiwa kile kitenge chake cha kanisani," aliniambia. "Nikajua dada ameniachia. Alijua Happy ana kifua."

Nesi akaacha kuuminya mfuko, akatazama. Kifua hakikupanda. Akaminya tena mara tatu, akaacha. Daktari akaweka vidole shingoni mwa mtoto. Nje lori lilikuwa linapiga breki barabarani, likachukua muda mrefu kusimama.

Vidole vya mguu vikakunjika mikononi mwa Sekela.

Kisha Happy akavuta pumzi mwenyewe, ndefu, akakohoa kile kikohozi chake cha wiki nzima, akafumbua macho. Akaona watu asiowajua na kitu cha mpira usoni. Akalia. Alilia kwa hasira, kwa sauti ya kukwaruza, akirusha mateke, mpaka wagonjwa wa chumba cha pili wakachungulia.

"Nyamaza, mjukuu wangu," mama mdogo alisema akinyoosha mkono kumfunika mdomo kwa mazoea ya kubembeleza. "Nyamaza, bibi yupo."

"Muache alie, mama," Sekela akasema.

Ndipo akaniangalia. Mwanamke aliyenipigia goti saa moja iliyopita alisimama wima, peku, miguu imechanika kwa kokoto, na akasema taratibu kabisa:

"Dada, wewe toka nje."

Nikatoka. Nilisimama nyuma ya jengo, chini ya dirisha lao, kwenye nyasi zilizokuwa bado na unyevu upande wa kivuli. Zabron alikuja kuniuliza kama tunarudi Iringa, nikamfukuza kwa mkono. Kila kilio kilipopungua nilishika ukuta, na kiliporudi nilipumua. Nilikaa pale mpaka saa kumi jioni, na hakuna aliyekuja kuniita.