Mama Mkwe Juu ya Manga

Kupanda mlima bila jembe, bila mzigo, bila hata mgonjwa wa kumjulia hali, ni starehe ya watu wa ofisini. Mwaka ule wa 1971 Walter alikuwa karani mjini Kisii, na starehe hiyo ilikuwa imemwingia kichwani kwelikweli. Jumamosi alimchukua karani mwenzake, Mwachofi, Mtaita mfupi mwembamba, wakavuka vilima hadi Nyamira na kulala huko. Jumapili walirudi kwa kupitia juu ya mlima wa Manga, upepo ukiwapiga hadi wakawa wanazungumza kwa kupigiana kelele.

Njia ya pale juu ni nyembamba. Upande mmoja kuna miiba, upande wa pili mteremko wa mawe. Kwenye kona wakakutana na mwanamke aliyeinama chini ya mzigo wa kuni, naye Walter akamtambua mara moja. Alikuwa Nyanchera, mama mzazi wa mke wake.

Kwa Wakisii, mtu na mama mkwe wake hawagusani, wala hawapishani bega kwa bega. Mmoja huiacha njia, na anayepaswa kuiacha ni kijana. Walter alilijua hilo vizuri. Lakini aliitazama miiba, akaitazama suruali yake mpya, akasita. Nyanchera hakusita. Aligeukia upande wa mawe ili ampishe, upepo ukaukumba ule mzigo, akaanguka nao.

Walimkuta chini kidogo, mguu umepinda vibaya.

"Mshike huku, wewe ndiye mwenye nguvu!" Mwachofi alisema.

"Siwezi. Huyu ni mama mkwe wangu."

"Na mguu umevunjika, Walter!"

Nyanchera aliyasikia hayo. Akavuta leso yake, akajifunika uso wote, akatulia. Walter alimwelewa: mama alikuwa akimwambia aje tu, hamwoni. Hata hivyo hakusogea. Alifikiria watu watasema nini huko sokoni, akabaki amesimama na mabega yake mapana, hana faida.

Mwachofi akambeba mgongoni peke yake. Alikuwa akipumzika mara kwa mara, na kila alipoyumba Nyanchera alilia ndani ya leso. Walter alitangulia, akiondoa mawe njiani na kujichukia.

Jioni, baada ya mganga wa mifupa kuufunga mguu, wanaume waliketi uani kwa Nyanchera. Baba mkwe, mzee Onchiri, alimsogezea Walter sahani ya kuku.

"Wenzako wamesoma wakasahau adabu," alisema. "Wewe umetuheshimu, mwanangu. Kula."

Walter alitaka kusema habari ya miiba na suruali. Akayameza maneno hayo pamoja na ugali. Aibu ilimchoma hadi masikioni.

Ndipo Bathsheba, mdogo wa mke wake, akatoka ndani kwa mama. Alizungumza Kiswahili cha shule ili mgeni naye asikie.

"Shemeji, mama amenituma. Anasema umsamehe, alikufungia njia."

Mwachofi, aliyekuwa akijikanda mabega, aliacha kujikanda. Alimtazama Walter, akangoja. Mzee Onchiri naye akangoja, akitabasamu.

"Mwambie nimemsamehe," Walter alisema.