Pipa la Bluu la Diane

Mama mkwe wangu aliacha kunywa maji yangu siku ileile pipa la bluu lilipojaa mvua uani kwetu. Hakunigombeza wala hakunieleza kitu. Alichukua kikombe chake cha bati, akavuka ua, akakinga kwenye koki ya Diane na kunywa amesimama palepale, huku mimi namtazama kutoka jikoni kwangu.

Diane ni mke wa Habonimana, mdogo wa mume wangu Ndizeye. Tunaishi ua mmoja hapa Runazi, nyumba mbili zinazotazamana, na pembeni chumba cha mama mkwe, Kanyange. Mimi ndiye niliyeolewa kwanza. Mimi ndiye niliyemkanda miguu ilipomvimba, nikamwogesha alipougua, wakati Diane bado yuko kwao anasukwa nywele. Na kila asubuhi ni mimi niliyechota maji kisimani, nikapasua kuni kwa shoka langu, nikayachemsha, nikayachuja kwa kitambaa cheupe na kuyaacha yapoe mtungini. Kanyange aliyanywa, akakunja uso, akasema, "Yananuka moshi, mwanangu."

Kweli yananuka moshi. Maji yaliyochemshwa kwa kuni yanuke nini, maua?

Lile pipa Habonimana alilinunua mjini Ngara, likaja juu ya Fuso lililobeba ndizi. Lilikuwa kubwa, rangi ya bluu, lina mfuniko wenye mkanda wa chuma, na ubavuni palionekana alama ya karatasi iliyobanduliwa. Diane alilisugua kwa sabuni ya unga. Habonimana akatoboa chini akafunga koki, akatengeneza mifereji ya bati kwenye paa, mvua ikanyesha, basi. Diane akawa mtu wa kufungua koki. Majirani walikuja kulitazama kama wanavyokuja kumtazama mtoto mchanga, na kila aliyekuja alipewa kikombe. Mimi nilikuwa napita na ndoo kichwani, naitikia salamu.

Niliona wivu. Sina sababu ya kulipamba neno hilo. Niliuonea wivu mfereji, koki, na zile nguo za Diane ambazo hazilowi mgongoni kwa maji ya ndoo. Lakini kilichonichoma zaidi ni lugha. Diane na Kanyange wote asili yao ni Burundi, na wakikaa pamoja wanazungumza Kirundi chao na kucheka, na mimi Msubi wa Nyabusozi nabaki na Kiswahili changu cha shule nikichambua maharage. Kila Kanyange alipomaliza kikombe cha Diane alisema, "Ni meza." Neno hilo sikuhitaji kufundishwa. Maana yake ni mazuri, maji hayo ni mazuri, na mimi kwa miaka yote sikuwahi kuambiwa hivyo kwa lugha yoyote.

Tena alikuwa na sababu yake. Maji ya pipa yalikuwa na harufu, na harufu hiyo ndiyo aliyoipenda.

"Haya yana dawa," aliniambia siku moja, akinisogezea kikombe puani nami nikageuza uso kwa jeuri. "Wewe hukukaa kambini, huwezi kujua. Sisi tulipokimbia vita tukafika kule Ngara, watu waliokunywa maji ya bondeni walikwisha. Kipindupindu kiliwafagia. Sisi tuliokunywa maji yenye kunuka dawa, tulipona. Maji yakinuka dawa, mwanangu, unakunywa unalala."

Wote waliopita kambini ndivyo walivyo. Jirani zetu waliotoka kule, watu wazima na akili zao, walinusa kikombe, wakatikisa kichwa kwa kuridhika na kuomba kingine. Hakuna aliyeuliza dawa hiyo ilitoka wapi, kwa kuwa maji ya mvua hayateremki na dawa kutoka mbinguni.

Mimi sikuuliza kwa sababu nilikuwa nimeapa kutolisogelea pipa lile. Kama nisingekuwa na kiburi hicho ningejua mapema.

Siku niliyojua ilikuwa ya jua kali. Diane alikwenda kuanika mihogo, na binti yake Koleta, mtoto anayeanza kutembea, alikuwa amekaa chini ya koki akichezea matone. Nilikwenda kumwondoa asilowe. Mfuniko ulikuwa umeachwa wazi, joto likapandisha harufu yote usoni kwangu, na hapo ni kama nikamwona baba yangu amesimama na shati lake la shambani.

Baba alilima pamba Nyabusozi. Siku za kupiga dawa ya wadudu mama hakumruhusu kuingia ndani na shati lile. Alilivua nje, likafuliwa mbali na watoto. Mara moja baba aliosha bomba la dawa kwenye beseni akasahau kuyamwaga maji. Mbuzi wetu akanywa. Alianguka anatoka povu, miguu inatetemeka, na mama alitufungia ndani tusione. Harufu ile mtu haisahau. Na sasa ilikuwa hapa, nyepesi, imechanganyika na mvua, imekaa kwenye kikombe cha mama mkwe wangu.

Nikamtazama Koleta. Udenda ulikuwa umemlowesha kifua kizima. Siku hizo alikuwa akitapika mara kwa mara, na Kanyange alisema ni meno. Kanyange mwenyewe alikuwa akilalamika kichwa na tumbo, akasema ni uzee. Nilimwinua mtoto nikamweka mbali na koki.

Nilianza na mume wangu. Ndizeye alinisikiliza mpaka mwisho akivua viatu.

"Mama Suzan, juzi ulisema mfereji wao unamwaga maji upande wetu. Kabla ya hapo ulisema koki inapiga kelele. Leo ni sumu. Kesho itakuwa nini?"

"Ndizeye, nimenusa."

"Umenusa wivu wako. Mwache mke wa mdogo wangu."

Nikaenda kwa Diane mwenyewe. Nilijitahidi kuongea polepole, kwa adabu, lakini sauti yangu ina kawaida ya kupanda bila ruhusa yangu. Alinisikiliza amenyoosha mgongo, kisha akatabasamu kwa huruma, na ile huruma ilinikata.

"Dada Rozalia, ukitaka maji wewe chota tu. Usione haya. Pipa ni la ukoo mzima."

Kwa Kanyange ndiko kulikuwa kubaya zaidi. Nilimkuta kitini, nikapiga goti, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamwambia yote pamoja na habari za mbuzi.

"Ulipokuja hapa nilikupenda," alisema. "Lakini una kijicho. Mwenzio amepata maji, wewe unataka tunywe moshi mpaka tufe."

Nilitoka pale. Nilikuwa na ukweli mkononi na hakuna wa kuupokea, kwa sababu tangu mfereji ulipofungwa nilikuwa nimesema maneno mengi sana ya chuki, na sasa hili moja la kweli lilionekana ni nduguye yale mengine. Suzan wangu nilimkataza kukanyaga upande ule. Lakini Koleta ni mtoto wa Diane, na Kanyange ni mtu mzima, nami sikuwa na amri juu yao.

Jumamosi iliyofuata jumuiya yetu ya kanisa ilikuwa isali kwa Diane. Tangu asubuhi alikuwa akipika togwa ya mtama, sufuria kubwa, kwa maji ya pipa. Waumini walikuja na rozari zao, wazee kwa akina mama, na watoto wakajipanga kwenye mkeka. Diane aliwakaribisha kwa kuwapa kila mmoja kikombe cha maji kwanza, kama tunavyofanya kwa mgeni aliyetembea juani. Nikaona vikombe vinajazwa. Nikamwona Koleta amelala begani kwa mama yake, macho mazito, udenda unashuka mgongoni kwa Diane.

Nilikwenda jikoni kwangu nikachukua shoka.

Niliwapita wote bila kusalimu. Pigo la kwanza liliteleza. La pili liliingia chini ya mkanda wa chuma na maji yakaruka yakanilowesha uso. Nikapiga tena chini, karibu na koki, na pipa likapasuka, maji yakatiririka kwenye mkeka, watu wakainuka wamebeba watoto na viatu. Kisha nikaipindua sufuria ya togwa kwa mguu.

"Msinywe," nilisema. "Mwageni vikombe."

Nitasema na hili, maana nisiposema litakuwa nusu ya habari: nilipenda sauti ya pipa lile likipasuka. Niliogopa kwa ajili ya mtoto, ndiyo, niliogopa sana, lakini mkono ulionyanyua shoka ulikuwa na raha yake. Nadhani watu waliiona usoni kwangu.

Habonimana alininyang'anya shoka akalitupa kando. Ndizeye akasimama katikati ya watu akawaomba radhi kwa niaba yangu, kichwa chini, mbele ya mwenyekiti wa jumuiya. Diane alilia tu. Kanyange alisema, kwa Kiswahili ili nielewe vizuri, "Wivu umempanda kichwani huyu." Sala haikusaliwa siku hiyo.

Baada ya hapo hakuna aliyenisemesha uani. Lakini kiu haina ugomvi. Mvua ilikuwa imekata, pipa limekufa, na mtungi wangu ulikuwa palepale. Niliuweka kwenye kigoda nje ya mlango, na kikombe juu yake, nikaingia ndani ili wachote bila kuniona. Walichota. Kanyange alichota akikunja uso. Udenda wa Koleta ukapungua, akaacha kutapika, akaanza tena kufukuza kuku. Kichwa cha Kanyange kikatulia. Hakuna aliyesema kitu, na mimi nikauma ulimi wangu, kazi ambayo haikuwa ndogo.

Kisha Habonimana akaamua kulikata pipa apate hori la kunyweshea mbuzi. Alilipasua kwa msumeno juani. Nilimwona anainama, anasimama ghafla, anarudi nyuma. Ndani, chini ya ukingo wa mfuniko, mahali ambapo mkono wa Diane haukufika, palikuwa na utando mzito wa rangi ya manjano. Habonimana alikwishaona utando kama huo kwenye makopo ya dawa za mashambani, hakuhitaji kuelezwa. Alimwita mkewe kwa sauti ndogo. Siku hiyohiyo walimpeleka Koleta hospitali, wakaambiwa mtoto ataendelea vizuri na kwamba ni bahati maji yale yalikatishwa mapema. Vipande vya pipa Habonimana alivifukia mbali, upande usio na kisima.

Jumuiya iliposali tena, Diane alisimama. Alinijia hapo nilipokaa, akapiga magoti mbele ya watu wote, akanishika mikono na kusema nilimwokolea mwanawe na yeye alinihukumu. Alisema vizuri, kwa machozi, bila kujitetea. Akina mama walifuta macho. Ndizeye alitazama viatu vyake.

"Diane ana moyo," watu walisema wakitoka. "Jamani, yule binti ana moyo."

Mimi niliyebeba shoka nilitembea nyuma yao nikisikia. Hata kwenye hili alikuwa amenishinda.

Haikuishia hapo. Aliniomba nimfundishe kuchemsha na kuchuja, nami nikamfundisha, ningekataaje? Alinunua mtungi mpya wa udongo. Akaongeza la kwake mwenyewe: alichemshia kwenye jiko la mkaa, sufuria imefunikwa sawasawa, na majani machache ya mchaichai. Jana mchana alijaza kikombe cha bati cha mama mkwe akakipeleka kwa mikono miwili. Nilikuwa nimekaa kizingitini pangu, naona yote.

Kanyange alikipokea. Hakunywa. Aliinuka kwa fimbo yake, akavuka ua polepole mpaka kwangu, Diane akimfuata nyuma, na akanikabidhi kikombe.

"Nusa," alisema. "Siku hizi mimi sinywi mpaka wewe unuse."

Nilikiweka puani. Maji yalikuwa baridi, safi, na harufu ya mchaichai ilikuwa tamu, na hapakuwa na moshi hata kidogo. Nilinusa tena. Diane alikuwa amesimama ameshika ncha ya kanga yake, ananitazama mdomo. Nikafahamu kwamba ningekunja uso tu, kidogo tu, maji yale yangemwagwa, na mtungi ule mpya usingenywewa tena na mtu, na hakuna hata mmoja katika ua ule ambaye angenibishia. Nilikaa na kikombe puani kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Ni meza, mama," nilisema.

Kanyange aliyanywa yote, akalamba mdomo, akamgeukia Diane na kumwambia jambo kwa Kirundi, wakacheka. Mimi nikachukua shoka langu nikaenda kupasua kuni.