Mkwe Ndani ya Kompyuta

Dorkasi, mtafiti mstaafu wa mifugo, alikuwa ameandika kitabu kimoja maishani mwake, nacho kilihusu kupe. Alikiandika nyumbani kwake Mpwapwa, chumbani anakolala, kwenye kompyuta ya mezani aliyoachiwa na mtafiti mwenzake aliyerudi kwao. Kompyuta hiyo ilitumia Linux badala ya Windows, kwa sababu mwenzake huyo alikuwa mtu wa kanuni. Jumatano umeme ulikatika Dorkasi akiwa anahifadhi sura ya mwisho. Uliporudi, kitabu kilifunguka kikiwa na ukurasa mmoja, na ukurasa huo ulikuwa mweupe.

Mchapaji wa Dodoma mjini alikuwa amempa hadi Ijumaa saa tisa alasiri. Baada ya hapo mitambo yake ingeingia kwenye vitabu vya shule, na kupe wangesubiri mwaka ujao. Dorkasi alikuwa na umri wa miaka sabini na moja, na hakuwa na mazoea ya kuuhesabu mwaka ujao kuwa mali yake.

Mtu wa kumsaidia alijulikana. Joel, mume wa binti yake Erica, alikuwa ofisa wa TEHAMA katika wizara mojawapo kule Mtumba, mji wa serikali nje ya Dodoma, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kuingia kwenye kompyuta za watu wengine bila kuinuka kitini. Ila Joel alikuwa mkwe. Katika ukoo wa Dorkasi, mama mkwe na mkwe wa kiume hawapeani mikono, hawali pamoja, hawasemeshani, na mkwe haingii chumba anacholala mama mkwe hata kama kinaungua. Suala la kuungua liliwahi kujadiliwa katika kikao cha ukoo, likaahirishwa.

Joel, Msandawe wa Chemba, aliyapokea masharti hayo siku ya posa bila kuuliza swali, na alikuwa akiyatii kwa uangalifu wa mtu asiyejua ni lipi kati yake lina uzito zaidi. Dorkasi, kwa upande wake, alidai ushahidi katika kila jambo isipokuwa hilo. Wenzake wa maabara walipomuuliza sababu, aliwajibu kwamba mila haijawahi kuomba kuchapishwa kwenye jarida.

Kwa hiyo kila neno lilipita kwa Erica, ambaye alikuwa mwalimu wa sekondari na alikuwa na subira ya kawaida ya walimu, yaani yenye mwisho. Alhamisi alasiri alikaa sebuleni kwao Area D, Dodoma mjini, simu ikiwa kwenye spika juu ya meza, mumewe kando yake. Wote watatu walisikiana vizuri kabisa.

"Mwambie mama afungue lile dirisha jeusi la kuandikia amri," alisema Joel.

"Mama, fungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri."

"Mwambie mwenzio limefunguka."

"Amesema limefunguka."

"Nimesikia."

"Hujasikia mpaka nikwambie," alisema Erica. "Ndiyo kazi mliyonipa."

Programu ya kuendesha kompyuta kutoka mbali ina sharti moja ambalo walioitengeneza hawakuliona kuwa kichekesho: ili iwekwe, lazima mtu awe karibu. Joel alikuwa ametuma kiungo cha kuipakua, Dorkasi akakibonyeza, faili likashuka bila haraka. Ikabaki kuandika amri ya kuliweka, ambayo Erica aliisoma herufi moja moja kama anayemwandikisha mtoto wa darasa la kwanza imla. Kompyuta ikajibu kwa kuomba nenosiri.

"Naandika paswedi, haiandikiki," ilisema sauti kutoka Mpwapwa.

"Mwambie inaandikika, ila haionekani."

"Mama, anasema inaandikika, ila haionekani."

"Muulize, kitu kisichoonekana nitajuaje nimekiandika?"

Joel alifikiri. Katika miaka yake yote ya utumishi hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo.

"Mwambie aamini tu."

"Mwambie mwenzio kanisani naenda Jumapili. Leo ni Alhamisi."

Hata hivyo aliandika, akabonyeza, na kompyuta ikakubali. Dorkasi alitaka ieleweke kwamba tukio moja si uthibitisho. Programu ikajiweka, ikafunguka, ikatoa namba. Erica akaisoma namba hiyo kwa mumewe, ambaye alikuwa ameshaisikia, na Joel akaiingiza kwenye kompyuta yake ya mapajani. Huko Mpwapwa likatokea swali kwenye skrini, na Dorkasi akalisoma kwa sauti: je, anamruhusu mtu huyu kuona skrini yake na kuitumia?

Dorkasi akaikagua skrini pembe hadi pembe.

"Mwambie asubiri," alisema. "Humu hamjafagiliwa."

Ikabainika kwamba skrini yake ilikuwa na mafaili yaliyotapakaa kila mahali, na kwamba nyuma yake palikuwa na picha yake mwenyewe akiwa na kitenge cha nyumbani, anapalilia. Alianza kupanga. Giza liliingia akiwa bado anapanga, kisha bando la intaneti likaisha.

Ijumaa asubuhi Joel alikuwa ofisini Mtumba na Erica shuleni, akiwaunganisha kwenye simu moja kati ya vipindi. Dorkasi alisema sasa pako safi. Joel akatuma ombi la kuingia, naye akaruhusu. Kwa muda mfupi Joel aliuona uwanja wa rangi ya kijivu usio na faili hata moja, kisha skrini ikajifunga, ikabaki saa peke yake.

Alituma ombi tena. Akaruhusiwa, skrini ikajifunga. Akakagua mipangilio kwa upande wake, akalaumu mtandao, akaulaumu mkongo wa taifa wa mawasiliano, akatuma tena. Ikajifunga.

"Muulize mama," alisema mwishowe, "kuna nini kinachotokea akisharuhusu?"

"Mama, ukisharuhusu unafanya nini?"

"Natoka. Mkwe akiingia, mimi natoka. Hilo nalo nifundishwe?"

"Na kompyuta?"

"Naifunga. Maabara hatuondoki mbele ya kompyuta bila kuifunga. Nilimwondoa mtu kazini kwa sababu hiyo."

Joel aliinamisha kichwa. Kanuni mbili nzuri zilikuwa zimekutana mahali pamoja, na hakuna hata moja iliyokuwa na kosa.

"Mama, ukitoka usiifunge," alisema Erica.

"Nimwache peke yake chumbani kwangu?"

"Hayumo chumbani kwako. Yumo Mtumba."

"Kile kishale kilikuwa kinatembea mezani kwangu. Nani alikuwa anakitembeza?"

"Basi usitoke. Kaa."

"Nikae naye."

"Mama." Erica alishusha sauti kama anavyofanya darasani kabla ya kumtoa mtu nje. "Kupe hawana wakwe. Ikigonga saa tisa, wao hawatapungukiwa kitu. Sasa mimi naingia kusimamia mtihani, na simu inabaki kwa mwalimu wa taaluma mpaka saa kumi. Mume wangu yuko Mtumba, wewe uko Mpwapwa. Mtajua wenyewe."

Simu ikakatika. Ilikuwa saa saba na nusu.

Joel alikuwa na namba ya mama mkwe kwenye simu yake, aliyoihifadhi kwa jina la "Nyumbani Mpwapwa" kwa ajili ya misiba. Aliitazama, akairudisha simu mfukoni. Kisha akatuma ombi la kuingia, akaweka mikono magotini.

Ruhusa ilichelewa kiasi cha mtu kuamua jambo. Skrini ikafunguka, na safari hii haikujifunga. Kwamba Dorkasi hakutoka, Joel alijua kwa sababu kishale kilikuwa kinatetema kidogo, kama kinavyotetema chini ya mkono wa mtu mzima. Joel aliondoa mkono wake kwenye kipanya mara moja. Kishale ni kimoja, mikono ilikuwa miwili, na ukoo haukuwa umelitolea jambo hilo uamuzi wowote.

Baada ya muda kishale kikasogea hadi pembe ya chini ya skrini, kikatulia, kama mtu anayepisha njiani. Joel alisubiri zaidi kidogo kwa ajili ya heshima. Kisha akakichukua.

Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Programu ya kuandikia huweka nakala zake za dharura mahali ambapo mtumiaji hazioni, na Joel alipajua. Alizikuta nakala mbili, zote mbili nzima, na picha zake zote. Alizifungua bega kwa bega, akaona zinatofautiana katika sura ya mwisho. Moja ilimwagiza mfugaji aogeshe ng'ombe kila wiki masika yote. Nyingine ilimwagiza asubiri kwanza awaone kupe. Saa zake hazikusaidia, kwani kompyuta hiyo ilipoteza saa kila umeme ulipokatika, na zote zilidai kuwa za mwaka mmoja wa zamani ambao kitabu kilikuwa bado hakijaanzwa.

Joel alijua mengi kuhusu mafaili na hakujua lolote kuhusu kupe. Kuchagua kwa kubahatisha kungemaliza kazi kabla ya saa tisa na kuua mifugo ya watu kwa muda wa matoleo kadhaa. Mtu mmoja tu alikuwa na jibu, naye alikuwa amekaa mbele ya skrini ile ile, akiangalia.

Ilipofika saa nane na robo alifungua ukurasa mtupu. Aliandika, akafuta, akaandika tena.

"Shikamoo mama."

Gari la wizara lilipita nje ya dirisha lake, likaenda zake. Kisha herufi zikaanza kutokea chini ya maandishi yake, moja baada ya nyingine, kwa kidole kimoja.

"Marahaba. Haya ni mazungumzo?"

"Ni maandishi, mama."

"Tofauti yake ni nini?"

Joel alifikiria kutoa maelezo, akayaacha.

"Sijui mama."

"Jibu zuri. Uliza unachotaka kuuliza."

Akauliza. Dorkasi hakuchelewa.

"Kila wiki. Ile ya kusubiri niliiandika kumridhisha mhariri, aliyesema wafugaji hawana dawa ya kutosha. Mfugaji akisubiri amwone kupe, kupe ameshamwona ng'ombe zamani."

"Niifute ile nyingine?"

"Iache. Nataka kumwonyesha mhariri." Kisha, mstari wa chini: "Mkono sasa ni wako au wangu?"

"Wako mama."

"Chukua wewe. Mimi nasoma."

Wakaendelea hivyo. Joel aliihifadhi nakala sahihi kwa jina jipya, akaipitisha sura kwa sura mbele ya mwenye kitabu, na kila Dorkasi alipotaka asimame aliandika "Hapo", naye Joel akasimama. Mara mbili alimsahihisha namna ya kuandika jina la kupe kwa Kilatini, ingawa Joel hakuwa ameandika jina lolote na makosa yalikuwa ya Dorkasi mwenyewe. Joel aliandika "Samahani mama" mara zote mbili. Zikiwa zimebaki dakika chache, Dorkasi alichukua kishale, akaambatisha kitabu kwenye barua pepe, na akaituma kwa mkono wake, kwa kuwa hilo halikuwa la mkwe. Mchapaji akajibu neno moja: kimepokelewa.

Ukabaki ule ukurasa wa maandishi yao. Joel alisogeza kishale na kuufunga, kwa kuwa mgeni huondoa vyombo alivyotumia. Programu ikauliza kama mabadiliko yahifadhiwe au yatupwe.

Aliondoa mkono. Uamuzi wa kilichosemwa nyumbani kwa mtu si wa mkwe. Kishale kikakaa katikati ya skrini, bila mtu, kwa muda mrefu. Kisha kikasogea polepole, kikalipita neno la kutupa, kikasimama kwenye neno la kuhifadhi, kikabonyeza. Kompyuta ikataka jina la faili. Kidole kimoja kikaandika, herufi baada ya herufi, "Kupe, maelezo ya ziada", na muunganisho ukakatwa kutoka Mpwapwa.