Koti Lisilo na Mwenyewe

Wifi yangu ana ulimi ambao haujawahi kulala na siri hata usiku mmoja. Siku alipoamua kuwa fundi wa makoti, alitutangazia wote kwenye karakana ya ushonaji kabla hata hajaweka mkoba chini: mimi, mpiga pasi, na Fundi Mkuu mwenyewe, mzee mwenye karakana. Kisha akabandika karatasi ukutani, juu ya cherehani yake. Mwezi wa kwanza, kola. Mwezi wa pili, mifuko. Mwezi wa tatu, mikono. Hivyo hivyo hadi mwezi wa kumi na mbili, alipoandika kwa wino mwekundu: meza ya dirishani.

Meza ya dirishani ni ya makoti. Sisi wengine tunashona sare za shule na mapazia, tunapunguza suruali. Makoti aliyashona mzee peke yake, lakini macho yalikuwa yameanza kumgomea, na alisema mwisho wa mwaka atamkabidhi meza mmoja wetu, mimi au wifi. Naomba nieleweke: niliitaka meza ile kuliko kitu chochote, pengine hata kuliko nilivyomtaka kaka yake wifi, aliyenioa. Ila sikumwambia mtu. Mama alinilea kwamba jambo likitajwa kabla ya wakati wake, watu wanalitia mkosi. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mzee aliponiuliza kama nami nayataka makoti, nilimjibu kuwa mimi nipo tu, mwenye kupanga ni yeye.

Mwaka mzima tukachukiana huku tunashona. Wifi alitengeneza makoti mabaya hadharani. La kwanza lilipanda bega moja kama la mtu aliyebeba ndoo. Akamvalisha mpiga pasi, akamzungusha mbele ya wateja na kuwauliza wanaona kasoro gani. Watu wakacheka, nami nikacheka kuliko wote. Nikamtungia jina la Bi Mipango, likashika hadi kwa muuza vifungo wa jirani. Alipokosea nilimsomea karatasi yake kwa sauti: mwezi wa nne huu, wifi, mbona mikono bado imesinyaa? Yeye alifumua, akampima tena mpiga pasi, akaenda kumuuliza mzee. Hakuwa na haya hata chembe, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Mimi nilishonea nyumbani, siku za mapumziko, mlango nimeufunga. Nilikuwa na mablanketi makuukuu. Nilikata, nikashona, nikafumua, nikashona upya. Mume wangu akigonga, koti linaingia chini ya kitanda. Makoti saba niliyafumua hadi uzi wa mwisho. La nane nililinunulia kitambaa cha kweli, cha kijivu, na hilo sikulifumua. Nililikunja nikaliweka kwenye kikapu, nikasubiri siku ya siku, nikijiona nimeshamzika wifi.

Siku ilifika, Ijumaa asubuhi. Mzee akafuta miwani, akasema meza ya dirishani ni ya wifi. Hakuzunguka. Wifi akajifunika uso kwa viganja.

Damu ilinipanda. Nilimwambia mzee kwamba amelipatia debe tupu kazi kwa sababu linavuma, kwamba kola za mtu huyu bado zinaota pembe, kwamba sasa naona amepofuka kweli. Maneno mengine siyarudii hapa. Kisha nikachomoa koti langu kikapuni, nikalitupa mezani.

Mzee alilipapasa kwa vidole. Akaligeuza ndani nje, akavuta bitana, akabaki na bega la kushoto kwa muda mrefu. Akasema hajaona mkono uliopachikwa vizuri hivyo tangu alipofariki aliyemfundisha yeye. Nilimtazama wifi. Uso ulikuwa umemshuka, na nilifurahi, sitasema uongo.

Halafu mzee akalivaa. Mikono ikamfunika vidole. Akalivua, akampa mpiga pasi, naye likamkwama kifuani, vifungo na matundu vikaachana kwa upana wa kiganja. Muuza vifungo, aliyekuja kuchungulia ugomvi, akavalishwa pia: mabega yakamning'inia na kiuno kikambana.

"Ulimpima nani?" mzee akauliza.

Ukimpima mtu, atataka kujua unashona nini, na mimi sikutaka kuulizwa. Vipimo vyote nilivitoa kichwani: bega lililonipendeza, kifua kilichonipendeza, mikono mirefu kwa sababu kwenye mikono mirefu ufundi unaonekana. Makoti manane, na hakuna mwili hata mmoja uliowahi kuingia ndani yake.

"Sikumpima mtu," nikasema.

Mzee akalikunja koti taratibu, akanirudishia. "Mficha uchi hazai, mwanangu. Unashona kunizidi mimi. Lakini mteja haji hapa na mwili wa kichwani mwako."

Meza ikabaki ya wifi. Nikakusanya mkasi wangu, chaki na futi ya kupimia, nikaelekea mlangoni, na wifi akanizuia njia. Nilijua anakuja kunicheka. Haki hiyo alikuwa nayo. Ningekuwa mimi, ningemcheka hadi jioni.

"Nipime," akasema, sauti kavu. "Mimi sikupendi, wifi, na wewe hunipendi. Lakini mikono ya makoti imenishinda mwaka mzima, na anayeiweza ni wewe; nishonee koti, nione unavyoipachika. Ila kwanza niambie unataka nini, nikusikie kwa masikio yangu."

Mpiga pasi alikuwa anatazama, muuza vifungo anatazama, mzee anajifanya hatazami. Nilitamani kumpiga wifi.

"Naitaka meza ile," nikamwambia. "Nataka kukuondoa pale."

"Haya, sasa nimesikia. Anza na bega."

Akanigeuzia mgongo, akafungua daftari. Nikaweka futi begani kwake, nikasoma namba kwa sauti, naye akaandika.